Kumfundisha mtoto nyumbani hapa Kigoma: hatua kwa hatua, kutoka kwa fundi cherehani

Mwanangu alianguka kutoka kwenye mwembe kule Ujiji, maembe yenyewe yakiwa bado mabichi. Mguu ulivunjika chini ya goti, ukafungwa hogo, na tukaambiwa asikanyage kwa wiki nane. Alikuwa Darasa la Tatu. Shule yake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na bodaboda ya kwenda na kurudi kila siku sikuiweza. Nikamhamishia kibarazani pembeni ya cherehani yangu, hapa Mwanga, nikawa namfundisha kati ya mteja na mteja.

Haikuwa mara yangu ya kwanza. Mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi kwa ajili ya korona mpaka Juni 29, nilijaribu kumfundisha binti yangu mkubwa. Niliweka meza, ubao, chaki na hata kengele. Saa mbili kamili nagonga kengele, mtoto anakaa, nasimama mbele kama mwalimu. Wiki haikuisha, wote wawili tulikuwa tunalia. Kosa langu lilikuwa kujenga shule ya mwanafunzi mmoja, yenye ukali wote wa shule na bila raha yake hata moja. Safari ya pili nilifanya tofauti, na mtoto aliporudi darasani alikuwa anasoma vizuri kuliko alivyotoka. Tangu hapo majirani wananiuliza: "Mama, sasa si ungemtoa moja kwa moja umfundishe mwenyewe?" Jibu langu ni hapana, na naanzia hapo kwa sababu watu wengi huparuka.

Kwanza: jua sheria inasemaje

Marekani mzazi anaruhusiwa kumsomesha mtoto nyumbani katika majimbo yote, kila jimbo na masharti yake. Uingereza nayo inaruhusu. Ujerumani ni marufuku. Kwetu Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule ya msingi, na mzazi ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Hakuna mahali iliposemwa kwamba sebule yako inaweza kushika nafasi ya shule. Mtendaji wa kata akikukuta na mtoto wa miaka tisa ambaye hayumo kwenye rejista yoyote, hawezi kujua kama unamfundisha au unamtuma kuuza karanga stendi. Kwake ni mtoro, na wewe ni mzazi wa kuitwa ofisini.

Kuna jambo la pili, na mimi naliona zito zaidi. Upimaji wa Darasa la Nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi husajiliwa kupitia shule. Mtoto anakuwa na namba yake ya prem, yaani namba ya usajili wa mwanafunzi, na kwa namba hiyo anafuatwa darasa kwa darasa. Hakuna mtahiniwa wa kujitegemea wa shule ya msingi. Unaweza kumfundisha mtoto mpaka akaikariri hesabu yote, lakini siku ya mtihani hana mlango wa kuingilia.

Na usije ukakusanya watoto wa mtaa mzima kibarazani, ukachukua ada na kuita "shule ya nyumbani". Shule lazima isajiliwe. Hapo utakuwa umeanzisha shule bubu, na waliokupa watoto wao ndio watakaokuwa wa kwanza kukugeuka.

Pili: chagua mlango wako

Milango iliyo wazi ninayoifahamu ni minne.

Mtoto ambaye hajafika umri wa kuanza Darasa la Kwanza. Hapa una uhuru mkubwa, utumie. Mtoto anayeingia shule huku anajua sauti za herufi na kuhesabu mpaka ishirini hatishwi na darasa la watoto mia.

Mtoto aliyeandikishwa lakini yuko nyumbani kwa sababu inayoeleweka: ugonjwa, ajali, likizo, msiba wa mbali. Hapa ndipo nilipokuwa mimi. Mwone mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, peleka cheti cha hospitali, omba jina libaki kwenye rejista, na muulize mwalimu atakuwa anafundisha mada zipi. Usitume ujumbe kwa simu. Nenda mwenyewe, ukae, mwongee. Mwalimu wa mwanangu alinipa orodha ya mada kwa mkono wake kwenye karatasi ya daftari, na karatasi ile ilinisaidia kuliko kitu chochote nilichonunua.

Mtoto anayekwenda shule kila siku na bado hajui kusoma. Huyu ndiye yuko kwenye nyumba nyingi zaidi. Asubuhi mpe shule, jioni mchukue wewe. Elimu ya msingi ya serikali haina ada, kwa hiyo kumtoa hakukuokolei ada. Kitu unachomwongezea ni macho ya mtu mmoja yanayomtazama yeye peke yake.

Na wa mwisho ni kijana aliyekwishaacha shule. Huyu nitamrudia mwishoni, maana kwake kusoma nyumbani ni njia kamili na halali, wala si kiraka.

Niongeze hili kabla sijaendelea. Kama mtoto wako ana ulemavu, usitumie mwongozo huu kumficha ndani. Nimeona nyumba zinazofanya hivyo na kuita ni huruma.

Tatu: jua mtoto yuko wapi kabla hujaanza

Usimwulize yuko darasa la ngapi, kwa sababu darasa halikwambii anajua nini. Mimi nilimweka mwanangu mbele ya vitu vitatu: kipande cha gazeti, bei zilizoandikwa kwa chaki kwenye kibao cha duka la jirani, na barua fupi ya mistari minne niliyomwandikia mwenyewe. Gazeti lilimshinda kwenye mstari wa pili. Bei alisoma zote. Barua aliisoma, lakini nilipomwuliza nilikuwa namwomba nini, hakujua. Alikuwa anatamka herufi zote sawasawa na hazimwambii kitu.

Hapo nikajua kazi yangu ni ipi, na haikuwa ile niliyodhani.

Kwenye hesabu fanya hivyo hivyo. Mpe noti ya elfu tano, mtume kitu cha 3,400, halafu mwambie akueleze chenji aliipataje. Anayehesabu kwa vidole hadi mwisho hajamaliza kujumlisha. Anayesema "nimeongeza 600 ikafika elfu nne, halafu elfu moja" huyo mpandishe.

Nne: mtaala na vitabu

Mtaala ni mali ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ile ya kifupi TET. Wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya darasa la awali mpaka sekondari, na mihutasari nayo hupatikana kwenye tovuti yao. Kwa simu ya kawaida na bando la siku moja unapakua unachohitaji, unakihifadhi, humalizi bando tena. Kusoma kitabu kizima kwenye kioo cha simu kunachosha macho ya mtoto, kwa hiyo mimi nilisoma kwenye simu nikamwandikia kwenye daftari, na sura mbili tatu nikazichapisha kwenye duka la steshenari.

Angalia jambo moja kabla hujaazima vitabu vya kaka yake. Mtaala umebadilika. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu. Waliokuwa Darasa la Tatu mwaka huo watamaliza la Sita 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia wanamaliza la Saba. Vitabu vya mkubwa wake vinaweza kuwa vya mtaala wa zamani. Kwa hadithi na mazoezi ya kuhesabu vinafaa, ila usivifuate kama njia.

Tano: ratiba

Saa mbili kwa siku zinatosha kwa mtoto wa shule ya msingi. Najua inaonekana kidogo. Ila darasani dakika arobaini za kipindi zinagawanywa kwa watoto wengi, na nyumbani dakika arobaini zote ni zake, hata kukohoa unamsikia.

Yangu ilikuwa hivi: asubuhi kabla ya jua kali, kusoma na kuandika, nusu saa. Mapumziko, chai. Hesabu nusu saa. Mchana hakuna kitu, alale au acheze bao na mjomba wake. Alasiri kazi ya mikono inayogeuka somo. Jioni ananisomea yeye mimi nikishona, na hilo la mwisho silihesabu kama kipindi, lakini ndilo lililomfanya asome.

Fimbo iache nje. Mtoto akichapwa shuleni anakimbilia nyumbani, sasa akichapwa nyumbani kwa kukosea silabi atakimbilia wapi? Akichoka, funga daftari. Mteja akija, funga daftari. Usijidanganye kwamba unaweza kupima mtu kiuno huku unasahihisha imla. Nilijaribu, nikakata gauni la watu fupi.

Sita: kusoma

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kusoma kukikaa sawa mengine yote yanafuata.

Kiswahili ni lugha rahisi kusoma kwa sababu kinasomwa kama kilivyoandikwa, silabi kwa silabi. Mfundishe mtoto sauti ya herufi, siyo jina lake. Herufi m isiwe "em", iwe ule mvumo wa midomo iliyofungwa. Anza na a, e, i, o, u mpaka azijue gizani. Kisha leta konsonanti moja: ma, me, mi, mo, mu. Halafu nyingine. Zikifika tatu nne, anza kuunda maneno, usisubiri alfabeti iishe.

Nilikata boksi la sabuni vipande vya ukubwa wa kadi ya karata, kila kimoja nikaandika silabi kwa kalamu ya wino mzito. Mwanzoni nilitumia maneno ya kitabuni, mtoto akawa anapiga miayo. Siku moja nikapanga kadi nikamwambia asome: bu, ze, ba, ze, ba. Alisoma taratibu, akanyamaza, akacheka mpaka hogo likagonga ukuta. Buzebazeba, anakokaa bibi yake! Kata nzima imetengenezwa kwa kadi tatu tofauti. Toka siku ile kitabu chetu cha kusoma kikawa mji wetu wenyewe. Ujiji ni u na ji na ji. Kibirizi kadi nne. Kigoma tatu. Gungu ikatufundisha kwamba ngu ni silabi moja, na Katonga ikatupa nga. Mwanga, tunapokaa, ilikuwa ngumu kuliko zote kwa sababu ya mwa, akaiacha mpaka wiki ya tatu.

Baada ya mahali, vyakula. Mawese, mise, dagaa. Dagaa ina a mbili mwishoni, hapo unamfundisha kuvuta sauti. Mgebuka inamfundisha kwamba m inaweza kusimama peke yake kama silabi: m-ge-bu-ka. Mtoto asiyelijua hilo atasoma "muto" badala ya mto hadi sekondari.

Sehemu mbili zitawasumbua. Ya kwanza ni ng na ng'. Mpe ngoma na ng'ombe, aseme kila moja huku ameshika koo. Ya pili ni l na r. Watoto wengi huku wanazichanganya, na wakubwa wengi pia, tusisemane. Dawa yake ni maneno yanayobadilika maana: kula na kura, mahali na mahari. Mwanangu aliniandikia sentensi kwamba baba mdogo anatafuta "mahari pa kukaa". Tulicheka, akasahihisha, hakurudia tena.

Kama nyumbani mnaongea Kiha, eleza kwa Kiha. Mtoto anayeelewa maana kwa lugha ya bibi yake atalishika neno la Kiswahili haraka kuliko anayekariri asichokielewa. Kisha arudie kwa Kiswahili, aandike kwa Kiswahili.

Na kila anaposoma, muulize swali ambalo jibu lake halikuandikwa. "Kwa nini unadhani alirudi?" Hapo ndipo utajua kama anasoma au anatamka tu.

Saba: hesabu

Okota visoda vya soda dukani, mia moja, vioshe. Hivyo ndivyo vitakuwa mashine yako ya kuhesabia. Kumi kumi kwenye vifuniko vya ndoo, mtoto anaona makumi na mamoja kwa macho. Kuzidisha, chukua trei tupu ya mayai: mistari mitano, kila mstari sita, jumla thelathini. Igeuze upande, mistari sita ya tano, bado thelathini. Mwanangu aliigeuza mara nne akihakikisha hakuna shimo lililotoroka.

Sehemu nilifundisha kwa tepu ya kupimia. Tepu ya fundi ina sentimita 150. Nusu yake? Robo yake? Akipata 37 na nusu bila kukunja tepu, ameelewa. Asipopata, akunje.

Lakini somo kubwa la hesabu Kigoma liko mwaloni, wavuvi wanapouzia samaki. Mguu wake ulipopata nafuu nilimpeleka Kibirizi kwa bajaji asubuhi na mapema, akiwa na magongo. Tukanunua sado moja ya dagaa, tukarudi, tukaipima kwa kikombe. Tuseme, kwa bei ya mfano, sado imeuzwa 12,000 na imetoa vikombe kumi na viwili. Ukiuza kikombe 1,500, umepata ngapi, faida ngapi? Na nauli ya bajaji je? Aliponiambia faida ni 6,000 nikamwuliza nani alilipa bajaji. Akafuta, akaanza upya, uso umekunjamana kama wa mwenye duka.

Saa nayo msiisahau. Mtoto wetu anajua saa mbili asubuhi, na simu inamwambia 8:00. Mfundishe zote mbili siku moja, na atofautishe kwa sita: toa sita au ongeza sita. Tiketi ya treni ya Reli ya Kati ni kitabu kizuri cha somo hilo.

Nane: sayansi na maarifa

Hapa Mungu ametupendelea, tatizo letu ni kuyazoea.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipo refu zaidi kwenda chini. Duniani linazidiwa na ziwa Baikal la Urusi peke yake. Namba hiyo haimwambii mtoto kitu mpaka uifanye kitu. Tulichukua tepu ya mita moja na nusu, tukagawanya: tepu 980 zimefungwa moja kwa nyingine ndipo ufike chini. Alikaa akiitazama tepu ile kwa muda.

Meli ya Liemba imejengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowaelemea, Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaiinua 1924, na ikarudi kazini 1927. Toka izamishwe mpaka Waingereza waiinue ni miaka mingapi? Kutoa huko kwa tarakimu nne hakuna kitabu kinachokupa kwa utamu huo. Mwanangu alitaka kujua kama samaki walikuwa wanalala ndani. Jibu sikuwa nalo, tukaandika swali.

Tuliandika sana. Nilimpa daftari dogo, nikamweleza kwamba mtafiti Jane Goodall alipofika Gombe, msitu wa sokwe hapa hapa Kigoma, mwaka 1960, kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kimya, kutazama sokwe, na kuandika alichokiona. Kwa njia hiyo aliona sokwe akichomeka unyasi kwenye kichuguu kuvua mchwa, wakati wataalamu waliamini binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Basi na wewe, nikamwambia, kaa hapo kibarazani uandike unachokiona.

Akaandika mwezi. Kila usiku, kwa siku thelathini, alichora umbo lake, na pembeni akaandika idadi ya taa za wavuvi alizoziona ziwani tukiwa kwa shangazi yake, mahali palipoinuka. Usiku wa giza alikata tamaa zilipopita arobaini. Mwezi ulipokaribia kujaa, akaona tatu. Halafu hakuna. Nikamwuliza kwa nini. Alifikiri siku mbili. "Mama, dagaa wanafuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa yao haina kazi." Hilo wavuvi wanalijua tangu enzi, ila yeye alilipata kwa kuchora. Kutoka hapo tukaongea mwaka 2024, Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na bei ya dagaa ilivyotubana. Kuna somo la uraia, la biashara na la viumbe, na sikufungua kitabu.

Tisa: Kiingereza

Hapa mimi ni dhaifu na sitajifanya. Kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga kama changu, usimfundishe matamshi, utamwachia makosa ya kudumu. Mtafutie kijana wa sekondari aliye likizo, saa moja mara mbili kwa wiki, ampe maneno na sentensi fupi. Wewe msikilize akirudia.

Kumi: weka kumbukumbu

Kila siku tarehe, mada, alichofanya, alipokwama. Mistari mitatu. Daftari langu la wateja lina vipimo mbele, na nyuma lina masomo ya mwanangu. Kila Ijumaa nilimpelekea mwalimu wake nakala ya kazi alizofanya. Mwanzoni aliona kero, baadaye akawa ananirudishia na alama nyekundu. Mtoto anarudi darasani na mwalimu tayari anajua amefika wapi. Na afisa elimu kata akiuliza, unacho cha kumwonyesha.

Wenzake nao wasimpotee. Mwanangu wiki ya pili alikuwa anajibu maswali vizuri na hacheki. Nikaita watoto wawili wa darasa lake waje Jumamosi, wakala viazi, wakamchorea hogo lote wino. Kama anasoma madrasa au anakwenda Jumapili kanisani, asikose, hata kama somo lako halijaisha.

Kijana aliyeacha shule

Nilisema nitamrudia. Kwa kijana ambaye hakumaliza sekondari, kusoma nyumbani kuna njia rasmi. Asiyepata nafasi ya kufika mbali sekondari anafanya Mtihani wa Maarifa, ambao wengi tunauita QT, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani. Akifaulu, anaruhusiwa baadaye kujisajili kwenye mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ndiyo yenye kazi ya kuwalea wanafunzi wa namna hii, na ina ofisi mikoani. Nenda pale uulize vituo, masomo na gharama, usimsikilize mtu wa mtaani anayekuuliza una shilingi ngapi kabla hajakuuliza umesoma mpaka wapi. Usajili wa mitihani hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka na mitihani yenyewe huja mwishoni, kwa hiyo anayezinduka Julai kwa kawaida anausubiri mwaka mwingine.

Kwa mtoto mdogo aliyepitwa na umri wa Darasa la Kwanza kuna MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Watoto Walioikosa. Ulizia kwenye shule ya msingi iliyo karibu au kwa afisa elimu kata.

Binti wa dada yangu aliacha shule Kidato cha Kwanza, akaja kwangu kujifunza ushonaji. Tumekubaliana: asubuhi vitabu, mchana cherehani, jioni ananifundisha mimi alichosoma, maana nikishindwa kumwelewa anajua hajaelewa na yeye. Hesabu na Bailojia amejipangia siku tatu za wiki, Kiswahili na Uraia mbili. Jumamosi anakwenda kwa mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili kusahihishiwa. Hapa ninapoandika, kitabu cha Bailojia kimeegemea kopo la nyuzi, mguu wake uko kwenye pedali, na anapiga pindo la sketi ya shule ya mtoto wa jirani.

"Mama mdogo," anasema, bila kuinua macho, "utando wa seli unaitwaje tena kwa Kiingereza?"

Nimemwambia amwulize mdogo wake. Yuko juu ya mwembe.